Chombo cha anga za mbali hakiendeshwi kwa rimoti

Kwa Mhariri,

Kila chombo kinapokaribia sayari au jiwe la mbali angani, taarifa zetu za Kiswahili, redioni na magazetini, hurudia sentensi ileile: wataalamu walikiongoza kutoka duniani hadi kikafika. Msomaji hubaki na picha ya mtu aliyeketi mbele ya skrini, rimoti mkononi, akikata kona kama mtoto na kigari chake. Picha hiyo si ya kweli, na inaficha sehemu ngumu kuliko zote ya kazi hii. Naomba nafasi nieleze jinsi chombo kinavyojitafutia njia, nikianza na tukio ambalo wengi walilisikia.

Chombo cha DART cha Marekani kilirushwa tarehe 24 Novemba 2021 na kujigonga kwenye jiwe liitwalo Dimorphos tarehe 26 Septemba 2022. Siku hiyo jiwe lilikuwa kilomita milioni 11 hivi kutoka kwetu. Mawimbi ya redio, yanayokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, yalichukua sekunde 38 hivi kufika. Picha iliyopigwa kule ilionekana huku baada ya sekunde 38, na amri ambayo ingetolewa papo hapo, pasipo mtu hata kupepesa jicho, ingefika kule baada ya sekunde 38 nyingine. Chombo kilikuwa kikienda kilomita 6.1 kila sekunde. Kwa sekunde hizo 76 kingekuwa kimepita zaidi ya kilomita 460, na shabaha yenyewe ilikuwa na upana wa mita 160 hivi tu. Hakuna rimoti inayoweza kazi hiyo.

Ndiyo sababu zilipobaki saa nne hivi, walioko duniani walikiachia chombo usukani. Kamera moja, iitwayo DRACO, ilipiga picha moja kila sekunde, na programu iliyokuwa ndani ya kompyuta ya chombo ikatafuta madoa ya mwanga katika kila picha. Ugumu ulikuwa kwamba mawe ni mawili. Dimorphos linalizunguka jiwe kubwa zaidi, Didymos, lenye upana wa mita 780 hivi, na kwa muda mrefu hilo kubwa ndilo pekee lililoonekana. Pikseli moja, yaani nukta moja ya picha zile, ilibeba pembe ya takriban mikroradiani 5. Mikroradiani moja ni pembe ambayo ukiwa kilomita moja mbali inashika upana wa milimita moja. Piga hesabu: saa moja kabla ya kugonga, chombo kilikuwa umbali wa kilomita 22,000 hivi, ambapo pikseli moja inashika mita 110. Jiwe la mita 160 hapo ni doa la pikseli moja na nusu. Chombo kilisafiri kikilielekea jiwe ambalo hakikutumwa kuligonga, kisha katika saa ya mwisho kikalitambua lile dogo, kikahamisha shabaha, kikawasha injini zake ndogo na kujisahihisha. Dakika mbili na nusu kabla ya kugonga kikaacha kabisa kujisahihisha, ili mtikisiko wa injini usiharibu picha za mwisho. Kwa pigo hilo, muda wa Dimorphos kulizunguka Didymos, uliokuwa saa 11 na dakika 55, ukapungua kwa zaidi ya nusu saa.

Na hiyo ilikuwa karibu. Ujumbe wa redio hadi Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 kwa upande mmoja, kutegemea sayari hizi mbili ziko pande zipi za jua. Hadi Mshtarii ni zaidi ya nusu saa. Chombo kiitwacho New Horizons kilipopita Pluto mnamo Julai 2015, ujumbe wa upande mmoja ulichukua takriban saa nne na dakika 25.

Nisieleweke kwamba dunia haina kazi. Safari ndefu ya miezi au miaka bado huongozwa kwa sehemu kubwa na hesabu zinazopigwa huku chini, tena kwa usahihi wa kustaajabisha. Marekani ina vituo vitatu vya antena kubwa: Goldstone huko California, karibu na Madrid nchini Uhispania, na karibu na Canberra nchini Australia. Vimetengana takriban theluthi ya mzunguko wa dunia, ili chombo kikitua nyuma ya upeo wa macho wa kituo kimoja kiwe kinachomoza kwenye kingine. Antena zake zina kipenyo cha mita 34 na nyingine mita 70. Ukituma mawimbi na kupima muda yanaochukua kwenda na kurudi, unapata umbali kwa kosa la mita chache. Ukipima jinsi masafa yanavyobadilika kwa mwendo, unapata kasi ya kukaribia au kutengana kwa kosa la sehemu ya kumi ya milimita kwa sekunde. Na vituo viwili vikisikiliza chombo kwa pamoja, kisha vikasikiliza kwasa (kitu cha mbali mno kinachotoa mawimbi ya redio) inayoonekana karibu nacho angani, tofauti ya muda wa kupokea inatoa pembe, ambayo katika umbali wa dunia na jua ina kosa la mita mia chache.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja, na hausemwi vya kutosha. Inapima chombo kutoka duniani. Haijui kule kinakokwenda kuna nini. Jiwe dogo lililotazamwa kwa darubini kutoka mbali linaweza kuwa makumi ya kilomita nje ya mahali hesabu inapoliweka, na hakuna antena itakayolirekebisha hilo, kwa kuwa jiwe halitumi mawimbi ya redio. Kamera iliyo ndani ya chombo hulitazama jiwe lenyewe na kupima nafasi yake kutoka hapo kilipo, na uwezo huo antena haina hata iwe na upana gani.

Chombo kilicho peke yake kina maswali matatu: nimegeukia wapi, niko wapi, na nikiendelea hivi nitafika wapi. Watu huyachanganya, ilhali kila moja lina vifaa vyake na makosa yake.

La kwanza hujibiwa na kamera ya nyota. Inapiga picha ya kipande cha anga, kompyuta inaondoa weupe wa nyuma, inabakiza madoa yanayozidi mwangaza fulani, na kutafuta kitovu cha kila doa. Wengi hushangaa kusikia kwamba lenzi ya kamera hii huachwa kwa makusudi isikaze sawasawa. Nyota ikiangukia ndani ya pikseli moja, unachojua ni kwamba imo humo. Ikitawanyika kwenye pikseli kadhaa, unalinganisha mwanga wa kila moja na kukipata kitovu kwa sehemu ya kumi ya pikseli au chini ya hapo. Baadaye inapimwa pembe kati ya nyota na nyota, zinaundwa pembetatu, na pembetatu hizo zinatafutwa katika orodha ya nyota iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu. Zikilingana, chombo kinajua kimegeukia wapi hata kama sekunde moja kabla kilikuwa hakijui lolote. Kazi hii hurudiwa mara kadhaa kwa sekunde, na katikati ya picha moja na nyingine jairoskopu hushika zamu. Jairoskopu ni nyepesi kuhisi mzunguko, lakini hupotoka kidogokidogo, hivyo haiachwi muda mrefu bila kusahihishwa na nyota.

Usahihi hapa hupimwa kwa sekunde za tao, yaani nyuzi moja ikigawanywa mara 3,600. Kosa la sekunde moja ya tao, ukiwa kilomita milioni moja kutoka kwenye shabaha, ni kilomita 5. Kwa hiyo hata mwendo wa chombo chenyewe unahesabiwa: kikienda kilomita 30 kwa sekunde, nyota zilizo ubavuni zinaonekana zimesogea mbele kwa sekunde 20 za tao, kama mtu akimbiaye mvuani aonavyo matone ya juu yakimjia usoni. Programu isiyoliondoa hilo itageuza chombo upande usio sahihi, kila siku, bila onyo lolote.

Adui mkubwa wa kamera ya nyota ni kitu kinachong'aa ambacho si nyota. Chembe za umeme kutoka juani zikipiga kihisi huacha madoa meupe. Vumbi ni baya zaidi. Tarehe 28 Machi 2015 chombo cha Ulaya, Rosetta, kilipita kilomita 14 hivi kutoka kwenye uso wa nyotamkia iliyokuwa ikitoa gesi na vumbi. Punje za vumbi zilizomulikwa na jua zikaonekana kama mamia ya nyota, kamera zikaanza kuzifuata, antena kuu ikapotoka kutoka upande wa dunia, na mwishowe chombo kikajifungia katika hali ya usalama: kikazima kazi zote zisizo za lazima na kusubiri msaada. Tangu hapo waongozaji walikiweka mbali zaidi hadi vumbi lilipopungua.

Swali la pili, niko wapi, nyota peke yake haziwezi kulijibu. Ziko mbali mno. Uende kilomita milioni 100, hata ile ya jirani kuliko zote itakuwa imesogea kwa mikroradiani mbili na nusu tu machoni pako. Kinachotakiwa ni kitu cha karibu kinachoonekana mbele ya nyota za mbali. Wavuvi wa pwani wanalijua hili vizuri. Mnazi fulani ukiangukia sawasawa na mnara wa msikiti ulio nyuma yake, mvuvi anajua yuko kwenye mstari upi. Akipata alama nyingine mbili zilizolingana upande mwingine, mistari inakatana, na hapo ndipo penye mwamba wa samaki. Angani, mnazi ni asteroidi, yaani jiwe la angani kama Dimorphos, na mnara ni nyota.

Chombo cha kwanza kufanya hivi chenyewe kikiwa mbali na dunia ni Deep Space 1, kilichorushwa tarehe 24 Oktoba 1998. Kumbukumbu yake ilibeba njia za asteroidi takriban 250 na nafasi za nyota takriban 250,000. Muda wa kupima ulipofika, kompyuta ilichagua asteroidi zinazofaa, ikazima injini, ikageuza chombo kizima (kamera ilikuwa imefungwa mwilini, haikuzunguka peke yake), ikapiga picha kadhaa za kila asteroidi pamoja na nyota zilizoizunguka, kisha ikapima doa la asteroidi limekaa wapi kati ya nyota hizo. Kila asteroidi inatoa mstari mmoja. Kadiri mistari inavyokatana kwa upana, ndivyo mahali panavyobainika. Asteroidi mbili zilizo karibu upande mmoja wa anga hazifai, sababu mistari yake inakaribia kuwa sambamba.

Usahihi unapatikana kwa hesabu rahisi. Pikseli ya kamera ile ilikuwa ya mikroradiani 13 hivi. Kwa asteroidi iliyo umbali wa kilomita milioni 100, pikseli moja ni kilomita 1,300; ukipata kitovu kwa sehemu ya kumi, ni kilomita 130. Hapo ndipo utaona kwa nini wapangaji wanapenda asteroidi za karibu hata kama ni hafifu. Na kuna mtego. Mwanga kutoka umbali huo unachukua dakika tano na nusu kufika. Asteroidi inayokwenda kilomita 20 kwa sekunde itakuwa imeondoka pale ilipoonekana kwa zaidi ya kilomita 6,000. Programu inayosahau kurudisha saa nyuma kwa dakika hizo inatupa usahihi wote uliopatikana kwa taabu, na inafanya kosa mara hamsini ya lile la kamera.

Mwanzoni mambo hayakwenda sawa. Mwanga wa jua ulikuwa ukiingia kamerani kwa kuakisiwa na kuchafua picha, na programu ya kuchambua ikabidi ibadilishwe chombo kikiwa njiani. Tarehe 29 Julai 1999 kilipita asteroidi Braille kwa umbali wa takriban kilomita 26, lakini hakikupata picha ya karibu hata moja. Katika nusu saa ya mwisho kilikuwa kimehamia kwenye kihisi kingine, na kihisi hicho hakikuitikia mwanga hafifu kama kilivyotarajiwa. Braille likaonekana hafifu kuliko kiwango kilichowekwa, programu ikakosa cha kufuata, na kamera ikatazama upande usio sahihi. Njia ya chombo ilikuwa sahihi; kilichokosekana ni jicho. Kisha mwezi Novemba mwaka huohuo kamera yake ya nyota ikafa kabisa. Kwa miezi saba wahandisi waliandika upya programu ili kamera ya sayansi ichukue kazi ya kamera ya nyota, wakaituma kwa redio, na Juni 2000 chombo kikarudi kazini. Tarehe 22 Septemba 2001 kikapita nyotamkia Borrelly kwa kilomita 2,200 hivi, kikiwa na kasi ya kilomita 16.5 kwa sekunde, na safari hii kikalifuata jiwe lake mpaka mwisho na picha zikaja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote katika historia ya fani hii, na sijawahi kuisoma kwa Kiswahili.

Swali la tatu linahitaji kujua kila kinachokisukuma chombo. Uvutano wa jua na sayari ndio mkubwa na ndio rahisi. Vidogo ndivyo vinavyosumbua. Mwanga wa jua nao unasukuma: kwenye umbali wa dunia kutoka juani, paneli nyeusi ya mita za mraba 10 inasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban miligramu tano hapa duniani. Utasema si kitu. Chombo cha kilo 500 kitasogezwa mita 340 kwa siku moja, na kwa kuwa umbali hukua kwa mraba wa muda, kwa siku 30 ni zaidi ya kilomita 300. Ukikosea asilimia kumi tu kukadiria jinsi paneli inavyorudisha mwanga, umekosea kilomita 30.

Kisha kuna magurudumu. Chombo hugeuka kwa kuzungusha magurudumu mazito yaliyo ndani yake. Gurudumu likienda kulia, mwili unakwenda kushoto. Msukumo wa jua ukiwa wa upande mmoja kila siku, magurudumu huongeza kasi hadi kufikia kikomo, na hapo injini ndogo huwashwa ili kuyapunguza. Kila kuwashwa huko kunakisukuma chombo kidogo nje ya njia. Mars Climate Orbiter kilipotea Mirihi tarehe 23 Septemba 1999 kwa jambo hili hili. Faili ya misukumo hiyo midogo ilitolewa kwa kipimo cha pauni, nayo programu ya njia ikaisoma kama nyutoni, tofauti ya mara 4.45. Paneli yake ilikuwa upande mmoja tu, hivyo magurudumu yalipunguzwa mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na kila mara kosa likaongezeka. Kilitakiwa kupita kilomita 226 juu ya sayari. Hesabu ya baadaye ilionyesha kilipita 57. Angalia, Mhariri, kwamba hicho kiliongozwa kutoka duniani, na watu wenye akili walikuwa wakikitazama kwa miezi tisa.

Majibu ya maswali haya matatu hukutanishwa na sehemu ya programu ambayo nitaiita mpatanishi. Kila mara inashika makadirio mawili: hapa ndipo hesabu inaposema niko, na hapa ndipo vihisi vinaposema niko. Kila moja lina kiwango chake cha shaka. Mpatanishi huchukua pa katikati, akiegemea upande wenye shaka ndogo, halafu anapunguza shaka na kusonga mbele. Akiletewa kipimo kilicho mbali mno na alichotarajia, anakitupa, kwa kuwa vihisi huharibika. Hapo ndipo pagumu kuliko pote, na ajali mbili zinaonyesha kwa nini.

Ya kwanza ni Schiaparelli, chombo cha Ulaya kilichokuwa kikishuka Mirihi tarehe 19 Oktoba 2016. Parachuti ilipofunguka, chombo kiliyumba kwa nguvu, na kihisi cha mzunguko kikafika mwisho wa kipimo chake kwa takriban sekunde moja. Mpatanishi alikiamini. Mzunguko uliotiwa chumvi ukaingia kwenye hesabu ya mwelekeo, mwelekeo mbovu ukaingia kwenye hesabu ya kimo, na kompyuta ikakata kauli kwamba chombo kiko chini ya uso wa ardhi. Ikaachia parachuti, ikawasha injini kwa sekunde tatu, ikazizima, na kuanza kazi za baada ya kutua. Chombo kilikuwa kilomita 3.7 juu.

Ya pili ni chombo cha kampuni ya Japani kilichojaribu kutua mwezini Aprili 2023. Kilipokuwa kikishuka kilipita juu ya ukingo wa shimo kubwa, na ardhi chini yake ikashuka ghafla kwa takriban kilomita tatu. Rada ya kimo ilisema kweli. Mpatanishi akaona kipimo kimeruka mno, akahukumu kwamba rada imeharibika, akakitupa na kuendelea na makadirio yake mwenyewe. Chombo kikaamini kimekaribia ardhi, kikapunguza mwendo na kubaki kikishuka polepole kilomita 5 hivi juu, hadi mafuta yakaisha na kikaanguka.

Kimoja kiliamini kihisi kibovu, kingine kikakataa kihisi kizima. Hakuna mstari mmoja unaotenganisha makosa hayo kwa safari zote. Mtu anayeandika programu hukaa na kila kihisi na kuuliza: kikidanganya kitadanganyaje, kwa muda gani, na nani mwingine anaweza kukisuta? Ndiyo maana wahandisi makini huweka angalau vipimo viwili vya asili tofauti kwa jambo moja, na kipimo kikikataliwa mara nyingi mfululizo, programu inarudi kumuuliza mpatanishi kama si yeye aliyepotea.

Mfano mzuri wa tahadhari hiyo ni OSIRIS-REx, kilichogusa asteroidi Bennu tarehe 20 Oktoba 2020 kuchukua mchanga. Mpango wa awali ulitegemea miale ya leza na uwanja salama wenye upana wa mita 50. Walipofika wakakuta mawe kila mahali, na sehemu bora waliyoipata ilikuwa na upana wa mita 16 hivi. Leza haikutosha. Wakatengeneza kwanza ramani kutokana na picha za miezi mingi, wakachagua alama za ardhi, mawe na mashimo, na kompyuta ikafundishwa zitakavyoonekana kwa pembe na mwanga wa siku ile. Wakati wa kushuka, kamera ilipiga picha, kompyuta ikazilinganisha na alama hizo na kurekebisha njia. Juu ya ramani kulikuwa na ramani nyingine ya hatari: kompyuta ikikadiria, ikiwa mita tano juu, kwamba itaangukia eneo baya, ilitakiwa iwashe injini na kurudi juu bila kumuuliza mtu. Redio ilikuwa inachukua dakika 18 na nusu. Hapakuwa na wa kumuuliza. Kiligusa ndani ya mita moja kutoka kwenye shabaha. Gari la utafiti la Marekani, Perseverance, lilitumia wazo hilohilo liliposhuka Mirihi tarehe 18 Februari 2021, kwa kulinganisha picha za ardhi na ramani iliyobebwa.

Nimalizie na jambo linalotuhusu sisi wa pwani moja kwa moja. Kamera zinahitaji jiwe au sayari karibu. Katikati ya utupu, njia inayotafitiwa ni kusikiliza pulsa, yaani nyota zilizokufa, ndogo na nzito mno, zinazozunguka na kutoa mapigo ya eksirei kwa mpangilio wa saa nzuri. Chombo kikijua mapigo ya pulsa fulani yangefika saa ngapi kwenye kitovu cha mfumo wa jua, kisha kikapima yanafika kwake saa ngapi, tofauti ni umbali kuelekea pulsa hiyo. Mikrosekunde moja ni mita 300. Pulsa tatu au nne za pande tofauti zinatosha kujua mahali. Novemba 2017, darubini ya eksirei ya NICER iliyo kwenye kituo cha anga cha kimataifa ilitumia pulsa nne, na ndani ya saa nane ikajipata kwa kosa lisilozidi kilomita 16, bila msaada wa satelaiti za kuonyesha mahali. Matatizo yake ni ya wazi. Eksirei zinazofika ni chache, hivyo unakusanya kwa muda mrefu huku chombo kinasogea. Na mapigo yanafanana, hivyo pulsa inayopiga kila milisekunde 5.76 inakuacha ukijiuliza kama ni pigo hili au lile, na kati ya mapigo mawili mna kilomita 1,700. Lazima uwe na makadirio ya kuanzia.

Sasa, satelaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa hapa kwetu, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, nayo ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyogundua mwaka 1971 kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kinapiga eksirei kila sekunde 4.8. Pulsa ya aina ile haifai kuwa saa, sababu inanyonya gesi ya nyota jirani na kasi yake hubadilika. Zinazotumika leo ni nyingine, zenye mzunguko tulivu wa milisekunde chache. Lakini mlango ulifunguliwa kutoka maji ya Ungwana, kwa satelaiti yenye jina la Kiswahili, na vijana wengi wa pwani hawajawahi kuambiwa.

Ombi langu kwa waandishi wako ni dogo. Chombo cha Ulaya kiitwacho Hera, kilichorushwa tarehe 7 Oktoba 2024, kiko njiani kwenda kulekule Didymos na Dimorphos, na kinatarajiwa kufika mwishoni mwa mwaka 2026. Taarifa itakapokuja, mwandishi aulize mambo matatu kabla ya kuandika kwamba kimeongozwa: redio inachukua dakika ngapi hadi kilipo, amri ya mwisho ilitumwa saa ngapi, na baada ya hapo chombo kilikuwa kikitazama nini ili kujua mahali kilipo.

Msomaji wako,
Malindi